Mbaruku Afunga Mizigo

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni karibu. Hapo zamani za kale, ndani ya unyayo wa mkulima mmoja, palikuwa na mji wa chembe hai, wadogo hata jicho haliwaoni. Walikuwa na desturi. Chembe akizeeka au akiugua, hukata vyombo vyake vipande vipande, akavifunga mizigo midogo midogo, akatundika kitambaa cheupe mlangoni. Bi Mfagizi, mzoa mabaki wa mji, huja akavila, chembe akafa kwa amani, na mtaa hausikii kishindo.

Mbaruku, mmoja wa chembe hao, alikuwa mgane. Mkewe Rehani alipotundika kitambaa na kwenda zake, Mbaruku alificha chake chini ya godoro. "Mimi siendi," alisema.

Siku moja virusi wakaingia nyumbani mwake. Wakala, wakazaana, wakaimba: "Tukijaa, tutatoka!"

Binti yake Mwanasiti akagonga ukuta. "Baba, kuna nini humo?"

"Upepo tu, mwanangu."

"Baba, upepo hauimbi!"

Mbaruku akamkumbuka Mzee Shambe, aliyekataa desturi mpaka akapasuka. Vyombo vilitapakaa, baragumu ikalia, askari wakaja mbio na mienge. Walimtafuta adui, wakachoma hata majirani. Mtaa ukavimba, ukawaka, ukauma.

Naye Mwanasiti alikaa upande wa pili wa ukuta.

Mbaruku akakitoa kitambaa. Kilikuwa bado kinanukia udi wa Rehani. Akakitundika.

"Mzee, tuachie chumba kimoja!" virusi wakalia.

"Hata kona siwapi."

Akakata, akafunga. Akakata, akafunga. Akakata, akafunga, na virusi humo humo.

"Hodi, kaka," akaita Bi Mfagizi.

"Karibu, dada. Nilikuogopa."

"Wote huniogopa. Hata Rehani aliniogopa, kisha akaniuliza kama nimeshakula."

Mbaruku akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Akasema, "Bismillahi," akafunga mzigo wa mwisho.

Bi Mfagizi akala, akapita mtaani akiita taratibu: "Tulieni, tulieni, tulieni. Hapa hakuna vita." Baragumu haikulia. Mwanasiti akagusa ukuta, akaukuta baridi. Akalia kidogo, akashukuru.

Asubuhi mkulima akachukua jembe, akaenda shambani bila kuchechemea.

Pale palipobaki wazi Mwanasiti akamzaa mtoto, akamjengea nyumba kwa vipande vya mizigo ya babu yake alivyovirudisha Bi Mfagizi. Na mlangoni, ndani, akamwekea kitambaa cheupe, kimekunjwa vizuri.

Hadithi yangu imelala hapo. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia kimya kimya, nanyi mlale salama.