Kazi Isiyotakiwa Kuisha

Mwanamke mmoja alikuwa na kampuni ndogo ya kusafisha mitaro. Aliitwa Nakijwa, na mali yote ya kampuni yake ilikuwa makoleo, mikokoteni ya kusukuma, na wanawake wenzake wachache waliokubali kuingia kwenye tope bila kuziba pua. Waliishi mtaa wa Bondeni. Katikati ya mtaa ulipita mto mchafu, na kila masika mto huo uliingia majumbani kama mwenye nyumba. Watu walikuwa wamezoea. Mawingu yakikusanyika tu, kila mtu anatafuta matofali ya kuinulia kitanda. Mama yake Nakijwa aliyatunza ya kwake uvunguni mwaka mzima, na alisema mafuriko ni kazi ya Mungu.

Zabuni ya kusafisha mto ilitolewa na halmashauri, na kila mwaka aliipata Kundaeli, mwenye malori na mitambo. Nakijwa naye aliomba kila mwaka. Aliambiwa hana uzoefu. Akauliza uzoefu unapatikana wapi, akaambiwa unapatikana kazini. Akaomba kazi, akaambiwa hana uzoefu. Waliomjibu hivyo hawakucheka, na mpaka leo sijui walijizuiaje.

Malalamiko ya wadogo yalipozidi, serikali ikatoa agizo. Kila kampuni kubwa ilee kampuni moja ndogo kwa mwaka mmoja, na mdogo ambaye mlezi wake atasimama mbele ya kamati ya halmashauri na kusema amefuzu, huyo ataruhusiwa kuomba zabuni mwenyewe. Kundaeli akamchagua Nakijwa. Tusimwonee: alifundisha kweli. Alimfundisha kupima mto na kupanga bei isiyomrudia kwa hasara. Alimfundisha kuwakatia wafanyakazi bima, na kuzungumza mbele ya wakubwa bila sauti kutetemeka. Nakijwa alimwita baba, wala hakuwa anajipendekeza.

Masika yalipokaribia, kazi ikafika chini ya daraja, pale mto unapopinda kutoka Bondeni. Hapo palikuwa na rundo la taka lililoziba nafasi zote kati ya nguzo. Magodoro, matairi na chupa za plastiki vilikuwa vimeshikana hadi majani yameota juu yake. Nakijwa akashuka na koleo lake. Kundaeli akamwita.

"Hapo acha, mwanangu," alisema kwa upole. "Ukiumaliza mto huu, mwakani utakula nini?"

Nakijwa alidhani anataniwa. Akamtazama usoni, akaona hapana utani. Mzee alikuwa anampa siri ya mwisho ya kazi, ile iliyomnunulia malori, na alimpa kwa mapenzi kabisa. Ndipo Nakijwa akakumbuka matofali ya mama yake. Mafuriko waliyomsingizia Mungu miaka yote hiyo yalikuwa na mwenyewe, na mwenyewe ndiye huyu anayemwita mwanangu. Hasira zilimpanda. Lakini alinyamaza, kwa sababu neno "amefuzu" lilikuwa kinywani mwa Kundaeli, na wenzake wote walikuwa wakilisubiri.

Kundaeli alipoondoka, Nakijwa aliwaeleza wenzake. Nao hawakuwa malaika. Mama Tegisa alisema wazi kwamba wakilitoa rundo lile, wamejifukuza kazi wenyewe. Wakakaa ukingoni. Kisha huyo huyo Mama Tegisa, ambaye masika yaliyopita aliokoa watoto akaacha godoro lioze, akajifunga khanga kiunoni, akatoa tusi ambalo sitalirudia hapa, akaingia majini. Wengine wakamfuata. Walivuta mpaka rundo likakubali. Maji yakapita chini ya daraja kwa kishindo, yakaenda zake.

Mvua zikaja, na zilikuwa kubwa. Mto ukajaa ukapita njia yake. Mama yake Nakijwa alikaa mlangoni na matofali yake akiyangoja maji, na maji hayakuja. Akamwuliza binti yake kama Mungu amebadili mawazo. Nakijwa akalia.

Siku ya kamati ikafika. Mwenyekiti akamwuliza Kundaeli kama aliyemlea amefuzu. Kundaeli akasimama, akasema bado, kwa kuwa si mtiifu. Mwenyekiti akamgeukia Nakijwa. Sauti ya Nakijwa haikutetemeka, maana alikuwa amefundishwa vizuri.

"Ni kweli sikumtii. Aliniambia niache taka chini ya daraja ili mwakani tupewe kazi tena, na mimi nimezitoa zote. Kama huko ndiko kutofuzu, niandikeni sijafuzu."

Wakamwandika hivyo hivyo. Msitarajie kamati ipige makofi. Ila mwaka uliofuata zabuni ya mto wa Bondeni haikutangazwa, kwa sababu hapakuwa na cha kusafisha. Siku ile ya kamati, kikao kilipokwisha, Kundaeli alimfuata Nakijwa hadi nje, akamwuliza kwa uchungu: sasa wewe na mimi tutakula nini?

"Mito michafu bado ni mingi, baba," alisema Nakijwa.

Akaondoka na wenzake kwenda mtaa wa jirani. Wakazi wa huko walikuwa wamemwita wenyewe baada ya kusikia kwamba Bondeni hakuna aliyeinua kitanda, na waliapa kwenda naye halmashauri kumwombea zabuni hata kama watafukuzwa wote. Alipofika ukingoni alishika kamba ya kupimia, akaanza kuupima mto, kama alivyofundishwa na Kundaeli. Kundaeli mwenyewe alibaki na malori yake yameegeshwa.

Nawe uliyepewa mtu mdogo umlee, siku atakapoimaliza kazi uliyoshindwa kuimaliza, utamwita mwanangu?