Ute wa Mayai kwenye Friji

Ndugu zangu, nitegeeni sikio. Palikuwa na nyumba ya wake wawili. Mke mdogo alikuwa hodari wa mkate wa kumimina, na mume akiuonja tu husema, "Niongezeni kipande." Mke mkubwa alikuwa amepika humo miaka kumi na sita, neno hilo hakuwahi kulisikia juu ya chakula chake. Likamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mke mdogo akipika kastadi hutumia viini tu, ute huuweka kwenye friji kwa ajili ya mkate wake. Siku moja mke mkubwa akamuuliza, "Huo unauhifadhije?"

"Chupa iwe safi, kavu, kifuniko kikaze. Unakaa siku tatu, nne. Ila mafuta yasiuguse, dada. Yakiingia, utaupiga mpaka mkono ufe ganzi, haupandi povu."

Alifundishwa kwa moyo mweupe. Yeye alishika nini? Alishika mafuta.

Wiki ile wageni walikuwa waje kumposa binti wa mke mkubwa. Alhamisi akaiona chupa imejaa. Akawaza: hata kwenye posa ya mwanangu asifiwe yeye? Akatia kijiko cha mafuta, akatikisa, akafunga.

Ijumaa, wageni wakiwa njiani, akamkuta mke mwenzake jikoni ameinamia bakuli. Ute umebaki maji.

"Dada, nilikuwa naukusanya tangu Jumatatu," akasema mke mdogo. "Nilitaka uwape wageni mkate, useme umepika wewe. Nimeuharibu. Sijui nilikosea wapi kuuweka. Nisamehe."

Mke mkubwa akafungua kinywa. Kilichotoka ni hiki: "Si kitu, mdogo wangu. Watakula sambusa."

Na tangu siku hiyo mke mdogo akipasua yai humwaga ute, akiamini hajui kuhifadhi.

Na sisi je? Wangapi tumeharibu kitu tulichokuwa tukiandaliwa wenyewe? Husuda hutwambia kwamba neema iliyo mkononi mwa mwenzetu imetoka mfukoni mwetu, nasi twaamini bila kuuliza. Kisha, baya kuliko yote, twamwacha mtu ajilaumu kwa kosa letu, na bado tunamwitikia salamu kila asubuhi.

Kama yupo mtu wa namna hiyo nyumbani kwako, usingoje alasiri. Ukitoka hapa, nenda kamwambie: ni mimi.