Maneno ya Mlangoni

Hapo zamani, katika mji wa Kisimbo, Sultani Zahoro aliandikisha katiba, maana kila sultani jirani alikuwa nayo na yeye hakupenda kupitwa. Dibaji yake ilikuwa tamu kweli: "Sisi watu wa Kisimbo, ili mnyonge asinyang'anywe chake, tumejiwekea sheria hizi." Watu walilia waliposomewa. Juma lililofuata Sultani akakitwaa kiwanja cha Shaweji, fukara asiye na kingine duniani, apate kujenga banda la farasi wake.

Shaweji akaenda barazani, akaisoma dibaji kwa sauti. Waziri akamweleza, kwa upole wa mtu aliyeshiba, kuwa dibaji ni maneno ya mlangoni tu, pambo la kuingilia. Sheria zenyewe zimo ndani, na huko ndani Sultani hutwaa atakacho. Sultani akaafiki, akaongeza kwa ukarimu wake mkubwa, "Nionyeshe maneno ya mlangoni yakifanya kazi, nawe utarudishiwa kiwanja. Ukishindwa kufikia kesho jioni, utauhama mji."

Basi Shaweji akaondoka, na moyo unamuuma, kwani hapo kiwanjani ndipo alipozikwa mamake.

Ikawa kesho yake adhuhuri akaenda kwenye jumba la Sultani. Walinzi wa hapo walikuwa na mazoea yao: apigaye hodi huulizwa yeye ni nani na ana haja gani, kisha hufukuzwa, aingiaye kimya hudhaniwa ni wa nyumbani. Shaweji hakupiga hodi. Akapita, akamkuta Sultani na Waziri wamelizunguka sinia la pilau, akanawa, akaketi, akamega.

Sultani akaita walinzi waje wamkamate mwizi.

"Mwizi yupi, Maulana?" akauliza Shaweji, huku akitafuta mnofu. "Nimepita mlango wanaopita wageni, nimeketi mkeka wanaokalia wageni, nala chakula wanacholishwa wageni. Kilichopungua ni hodi, nayo ni maneno ya mlangoni tu. Kama hayana kazi, mimi ni mgeni wako, niongezee mchuzi. Kama yana kazi, nirudishie kiwanja changu."

Sultani akamtazama Waziri. Waziri akalitazama sinia. Basi Sultani akacheka, kicheko cha mtu asiye na pa kutokea, akaamuru kiwanja kirudishwe siku ile ile. Waziri naye akasema kwamba tangu zamani yeye huiona dibaji kuwa ndiyo roho ya katiba. Shaweji akamega tonge jingine.

Lakini farasi walikuwa bado wanahitaji banda, na uwanja uliokuwa karibu ulikuwa wa Waziri. Asubuhi yake watu wa Kisimbo wakamkuta Waziri barazani, kilemba kimemkaa upande, akiisoma dibaji kwa sauti.