Fundi Mizani wa Wasiti

Inasimuliwa kwamba katika mji wa Wasiti, zama za wema waliotutangulia, aliishi kijana fundi wa mizani akiitwa Dhakwani bin Wadaa. Alipohitimu ufundi wake, aliitwa na Tabibu Nawfali, mkuu wa nyumba ya wagonjwa.

"Mwanangu, dawa zetu zinataka mizani isiyokosea. Njoo ufanye kazi kwetu kwa mshahara."

Dhakwani aliinamisha kichwa. "Allah akujazi kheri, sheikh wangu. Lakini natamani duka langu mwenyewe, nisiwe chini ya amri ya mtu."

Tabibu akamwombea baraka, wakaagana kwa wema.

Miezi mitano Dhakwani alikaa dukani, wateja wakija kwa nadra, na mama yake, Bi Lubaba, akizidi kupunguza unga chunguni bila kulalamika. Ndipo akaja tajiri wa nafaka, akaagiza mizani arubaini. Dhakwani nusura asujudu palepale kwa shukrani.

"Ila kitanga cha nafaka kiwe kizito kidogo kuliko kingine," tajiri akanong'ona. "Kiasi cha unywele tu. Nani ataona?"

Dhakwani alikikumbuka chungu cha mama yake. Mizani arubaini ilikuwa chakula cha mwaka mzima.

"Ataona Aliyeiteremsha mizani," akajibu. "Niwie radhi, bwana wangu."

Tajiri aliondoka kwa ghadhabu, na neno lake lilikuwa na nguvu sokoni. Haukupita mwezi, duka likafungwa.

"Rudi kwa Tabibu," mama akamwambia.

"Nitamtazamaje usoni, mama, nami nilimkatalia?"

"Aibu ya kurudi itapita, mwanangu. Ile ya kupunja watu, uliyoikimbia, isingepita."

Akaenda, miguu mizito. Tabibu alipomuuliza kilichomfungia duka, Dhakwani hakuficha kitu, ila jina.

"Ni nani huyo?"

"Sikumtengenezea, sheikh wangu, na huenda ametubu. Nisimfedheheshe."

Machozi yalimlengalenga Tabibu. "Mwanzo nilikutaka kwa ufundi wako. Sasa naogopa kukukosa. Karibu, mwanangu."

Dhakwani akafanya kazi pale hadi ndevu zikawa nyeupe. Kila asubuhi, kabla dawa ya kwanza haijapimwa, alizijaribu mizani zote kwa punje ya shayiri. Siku moja fundi mwenzake wa zamani akamuuliza kama hakulijutia duka lake.

Dhakwani akawatazama wagonjwa waliopona wakitoka mlangoni. "Kule nilimwomba Mola aniletee watu," akasema. "Hapa namshukuru kwa kila mtu anayeondoka."

Enyi mnaoanza safari ya kutafuta riziki, wapo waja wema waliokuwa na maduka, na wapo walioajiriwa. Mwenye kuruzuku ni Mmoja. Tumwombe atupe kazi ambayo tutaweza kumshukuru kwayo bila haya, popote atakapotuweka.