Dundu Aliyebadili Harufu

Paukwa!
Pakawa!
Mbona sauti ndogo, hamjala? Paukwa!
Pakawa!

Hapo zamani za kale, ndani ya kichuguu, mchwa walilima bustani ya uyoga. Wote walikula hapo. Bustani ikifa, nao wamekufa.

Mlinzi wao alikuwa Jemadari Gogota. Akinusa mgeni, anagonga kichwa ukutani: ko! ko! ko! Ndiyo desturi yao. Askari wakisikia, wanaifuata harufu, wanauma.

Siku moja Dundu akaingia. Mpole, mnene, hana kelele. Akatafuna uyoga: nya, nya, nya.

Ko! ko! ko! Askari hao! Dundu akajipaka tope, akanuka tope. Askari wakauma tope: kacha!

"Nimemkamata," akasema Gogota.

"Umekamata ukuta," akasema Bi Mashavu, mkulima wa uyoga.

Kesho yake Dundu akajipaka uyoga. Askari wakauma uyoga: kacha! Walipouma pakachanika. Walipochana wakaziba kwa udongo. Udongo ukakauka, ukawa mgumu. Na pagumu uyoga hauoti.

Miaka ikapita. Dundu akataga, watoto nao wakajipaka. Gogota akachoka, kichwa kimemvimba. Anagonga ko... halafu anasinzia.

"Jemadari, Dundu anapita," wakasema askari.

"Mwache apite. Tumeshamzoea."

Bi Mashavu akalia. "Bustani imebaki kona moja. Wanangu watakula nini?"

"Basi tumuume tena?" akauliza Gogota.

"Mmeuma vya kutosha, baba. Harufu anabadili kila siku. Pa kutagia je, anabadili?"

Gogota akafikiri. Alizoea kuuma, hakuzoea kuulizwa. "Habadili. Anataga kwenye nyufa zenye unyevu, nyuma ya bustani."

Wakaziba nyufa: pa! pa! pa! Dundu akatafuta pa kutaga, hakuna. Dundu na wanawe wakazeeka, wakaisha mmoja mmoja, kimya kimya kama Dundu alivyoingia.

Uyoga ukaota tena, lakini si kote. Kuna mahali mpaka leo ni pagumu. Gogota akipita hapo huinamisha kichwa. "Hapa si Dundu," husema. "Hapa ni meno yangu." Kisha hurudi mlangoni kunusa, maana Dundu wengine wapo.

Nanyi mnayo bustani hiyo, chini ya mbavu za kulia. Ni ini. Dundu wake hospitali wanamwita homa ya ini C. Mwili humpiga miaka, ukajiumiza wenyewe, ukachoka. Basi adui wa ndani msimzoee: kapimeni mapema, mpate dawa ya kumzibia asizaliane, kabla bustani haijawa udongo mtupu.

Hadithi yangu imeishia hapo. Anayebisha akagonge kichwa ukutani.