Pimbi Aliyemshukuru Kiboko kwa Kiu

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo kila mnyama alikuwa na jiko lake, mlango wake na jirani wa kumwomba chumvi, palikuwa na kitongoji kiitwacho Mwambani.

Mwambani walikaa wanyama wadogo wadogo. Alikuwepo Mama Kanga na vifaranga wake wengi, alikuwepo Nungunungu na mkewe, walikuwepo akina Kobe, na alikuwepo Pimbi. Pimbi mnamjua? Yule mdogo, mnono, asiye na mkia, anayeishi kwenye nyufa za mawe. Basi Pimbi wa Mwambani alikuwa mama wa nyumba safi, msusi wa mikeka, na ulimi wake ulikuwa mwepesi kuliko miguu yake. Na miguu yenyewe, jamani, ilikuwa myepesi!

Kijito kilipita katikati ya kitongoji. Kilitoka juu, Uwandani, walikokaa wakubwa: Tembo, Nyati na Kifaru. Huko ndiko Baraza lilikokutana chini ya uenyekiti wa Mzee Tembo, na kila kitongoji kilipeleka diwani wake wa kukisemea.

Mwambani walimchagua Kiboko.

Kwa nini Kiboko? Kwa sababu ya mdomo!

"Jamani, mdomo ule!" alisema Nungunungu siku ya kura. "Akitamka neno kule Barazani, nani atasema hakusikia?"

Kiboko akaufungua, waaa! Ukawa mpana kama mlango wa zizi. "Nichagueni!" akanguruma. "Nitawasemea asubuhi, nitawasemea jioni!"

Wakamchagua. Wakamsindikiza kwa vigelegele mpaka kilimani. Akapanda Uwandani, na kushuka tena, hakushuka.

Haukupita muda, kijito kikaanza kupungua. Kikawa chembamba kama kamba, kikawa uzi, mwisho kikawa tone: to... to... to...

Kumbe huko juu Kiboko alikuwa ameangusha magogo, akayasiliba kwa tope, akajitengenezea bwawa la kuogelea yeye na kitambi chake. Alilijenga pembeni, nyuma ya matete, wakubwa wenzake wasikopita.

Watu wa Mwambani wakaambiana, "Tuvumilie. Diwani tunaye, atatusemea." Wakavumilia. Vumbi likapanda mpaka vyunguni. Asubuhi moja kifaranga wa mwisho wa Mama Kanga alianguka mlangoni, pu! Macho yamefumba, mdomo wazi. Pimbi akamkamulia umande wa majani mdomoni mpaka akafumbua macho.

Mchana wa siku hiyo akaja Hondohondo, mpiga mbiu wa Baraza, yule ndege mwenye mdomo mkubwa. Akatua juu ya jiwe kwa haraka zake.

"Hoo! Hoo! Tangazo! Mnatangaziwa wote kwamba mkutano wa kusikiliza kero za maji ulifanyika jana!"

"Jana?" akauliza Pimbi.

"Jana."

"Mbona hatukuambiwa?"

"Si ndiyo nawaambia?"

Wakatazamana. Nungunungu miiba ikamsimama. "Na diwani wetu alisema nini huko?"

"Alisema Mwambani hakuna tatizo. Wananchi wake wanamshukuru."

"Lahaula!" Mama Kanga akapiga kelele. "Mwanangu kaanguka kwa kiu asubuhi hii hii! Tunakwenda kwa Mzee Tembo sasa hivi!"

"Hamtapokelewa," akasema Hondohondo, akikunjua mbawa. "Kero hupitia kwa diwani. Ndiyo sheria." Akaruka, puruu, akaenda zake.

Basi Pimbi na Mama Kanga wakapanda kwa diwani. Walipopita nyuma ya matete, wakaliona bwawa. Wakayaona magogo. Wakaona masikio mawili na matundu mawili ya pua yakielea katikati ya maji mengi, mengi, ya Mwambani.

"Shikamoo, Mheshimiwa," akasema Mama Kanga kwa sauti ya kutetemeka. "Tumekuja kuhusu maji..."

"Jambo lenu linashughulikiwa," akasema Kiboko, akazama. Bluu, bluu, bluu.

Wakangoja. Akaibuka.

"Mheshimiwa, watoto wana kiu..."

"Linashughulikiwa!" Bluu, bluu, bluu.

Alipoibuka tena, Pimbi akajipeleka mbele. "Mheshimiwa Kiboko, haya magogo ni ya nani?"

Kiboko akafumbua jicho moja. "Nani anaongea? Aa, kumbe pimbi tu! Hebu nendeni zenu. Mwenzenu jana tu nimesifiwa Barazani." Na alipolitamka neno hilo 'nimesifiwa', masikio yake yakasimama wima, yakacheza cheza, kama ya mtoto aliyesikia sufuria ikifunuliwa.

Pimbi akayaona masikio yale.

Njiani kurudi, Mama Kanga alikuwa akilia. Pimbi hakulia. Neno 'pimbi tu' lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki, lakini kichwani alikuwa na jambo lingine.

"Mama Kanga," akasema, "kero hupitia kwa diwani, sivyo?"

"Ndivyo tulivyoambiwa."

"Na shukrani hupitia wapi?"

Mama Kanga akasimama. "Shukrani? Sijasikia sheria yake."

"Hata mimi. Geuka twende kwa Mzee Tembo. Tunakwenda kumshukuru diwani wetu."

"Tumshukuru kwa kiu? Pimbi, una homa?"

"Nifuate tu, mwenzangu. Na ufute machozi. Mtu haendi kushukuru na machozi."

Walipofika, walinzi wakawauliza, "Mmeleta kero?" Pimbi akajibu, "Tumeleta shukrani," na njia ikafunguka yenyewe.

"Shikamoo, Mzee," akasema Pimbi. "Sisi watu wa Mwambani tunaomba siku ya gulio lijalo wewe na Baraza lote mshuke kwetu, kando ya kijito. Tunataka kumshukuru Diwani Kiboko kwa maji yetu, hadharani, ninyi mkishuhudia."

Mzee Tembo akapeperusha masikio kwa furaha. "Shukrani! Tangu nikikalie kiti hiki, sijaletewa shukrani hata ya kusingiziwa. Tutakuja sote! Hondohondo! Piga mbiu, leo hii, kila kitongoji kisikie!"

Na kwa mara ya kwanza, wanangu, Hondohondo akatangaza jambo kabla halijatokea.

Mbiu ilipopita juu ya bwawa, masikio ya Kiboko yakasimama wima. "Shukrani? Kwangu? Mbele ya Baraza zima?" Akatabasamu mpaka nyuma ya kichwa. Kisha tabasamu likaganda. "Kando ya kijito? Kijito gani?"

Akatoka bwawani, gubu, gubu, gubu, akateremka mbio mpaka kwenye mwamba wa Pimbi. Ardhi ikatikisika, vyungu vikagongana jikoni.

"Wewe pimbi! Toka nje! Ni maji gani hayo mnayonishukuru?"

Pimbi akachungulia mlangoni, ukili wa mkeka mkononi. "Karibu, Mheshimiwa, umepotea sana! Ni maji ya kijito."

"Kijito hakina maji!"

"Ala! Kumbe unajua?"

Kiboko akabaki mdomo wazi. Akaufunga. Akaufungua tena. "Futa sherehe hiyo!"

"Nitaifutaje mimi, pimbi tu? Aliyeiitisha ni Mzee Tembo. Nenda kamwambie aifute. Akikuuliza kwa nini, utamweleza mwenyewe."

"Nitakukanyaga!"

Pimbi akaendelea kusuka. "Nikanyage, Mheshimiwa. Lakini wimbo wa kukusifu nimeutunga mimi, na mwimbishaji ni mimi. Ukinikanyaga, utaimbiwa na nani?"

Masikio ya Kiboko yakacheza. "Kuna... kuna wimbo?"

"Mtamu! Una kibwagizo na makofi."

Kiboko akapumua kwa nguvu, fuuu! Akageuka, akapanda kilima bila kuaga.

Kuanzia hapo, watu wa Mwambani wakasikia vishindo kutoka juu. Kubu! Gwaram! Diwani mwenyewe, kwa mabega yake mwenyewe, alikuwa akiyang'oa magogo. Tope likamjaa puani. Gogo la mwisho likang'oka, na maji yakashuka, shwaaa! Yakapita kwenye mawe, yakapita mlangoni kwa Nungunungu, yakafika kwa Mama Kanga. Vifaranga wote wakaingia majini wakipiga makelele. Nungunungu, mtu mzima na miiba yake, akalala chali katikati ya kijito akicheka peke yake.

"Maji tumepata," akasema. "Basi yaishe. Tumwimbie wimbo wake aende."

"Yaishe?" akasema Pimbi. "Akirudi juu kesho akayarudishia magogo? Nungunungu, maji yalikuwa yetu tangu mwanzo. Tulichopokonywa ni maji na kauli. Maji yamerudi. Kauli bado."

Siku ya gulio ikafika. Baraza zima likashuka: Tembo mbele, Nyati, Kifaru, na madiwani wa vitongoji vyote. Kiboko alikuwa amejipaka tope jipya, anang'aa. Akasimama katikati akingoja sifa, masikio wima.

Pimbi akapanda juu ya jiwe ili aonekane. Akaanzisha wimbo:

"Kiboko, Kiboko, umetupa maji!"

Mwambani wakaitikia kwa makofi: "Ametupa maji!"

"Magogo, magogo, umeyang'oa wewe!"

"Ameyang'oa yeye!"

"Aliyeyaweka, ni nani aliyeyaweka?"

Makofi yakakoma. Kijito tu kikasikika.

Mzee Tembo akauliza polepole, "Magogo gani?"

Kiboko akacheka, he he he. "Mzee, hilo ni... linashughulikiwa..." Akatafuta pa kuzama. Lakini maji ya kijito yalimfika kwenye vifundo vya miguu tu. Akainama, akaingiza pua. Mwili mzima ukabaki nje.

Madiwani wakaangua kicheko. Tembo hakucheka. "Wewe uliye juu ya jiwe. Wewe ni nani?"

Pimbi akavuta pumzi. Akawaona watu wake wote wakimtazama.

"Mimi ni pimbi, Mzee. Mama yangu alikuwa pimbi, na bibi yangu alikuwa pimbi, na mawe haya yanatujua. Huyu alituzibia maji akaogelea. Nyinyi mkakutana kuhusu kiu yetu, sisi tukaambiwa kesho yake. Akawaambia tunamshukuru, nanyi mkaandika tunashukuru. Kifaranga wa jirani yangu alianguka mlangoni. Hatukuweza kuwaambia, kwa kuwa kero hupitia kwa aliyeileta. Ndiyo maana tumekuja na shukrani."

"Ni kweli!" akasema Mama Kanga, akasogea kando ya jiwe. "Ni kweli!" akasema Nungunungu, miiba wima. "Kweli! Kweli!" wakasema akina Kobe, na kitongoji kizima kikasogea mbele hatua kwa hatua. Wadogo wale, mkiwaona siku ile, wanangu, msingewaita wadogo.

Tembo akainamisha kichwa. "Tumekosa," akasema. "Niambieni, mnataka diwani mwingine? Nimwite Pimbi huyu akae Barazani?"

"Pimbi! Pimbi!" wakapiga kelele.

Pimbi akainua mkono. "Ahsanteni, ndugu zangu. Lakini hata mimi mkiniweka juu ya maji, iko siku nitasahau. Mzee, tunataka haya. Mkutano wa maji ufanyike hapa hapa, majini. Mbiu ilie kabla, si baada. Na Hondohondo akishatangaza, asiruke. Akae asikie majibu. Huyu Kiboko mdomo anao, abaki nao. Ila ahame huko juu. Akakae kule chini, kijito kinakoishia, baada ya nyumba ya mwisho. Anywe tunayoyabakiza."

"Na iwe hivyo," akasema Tembo. Kiboko akafungua mdomo apinge, akamwona kila mtu amemkodolea macho, akaufunga.

Akahama siku hiyo hiyo, kichwa chini, matete yake begani. Na kiangazi kilichofuata, kijito kilipopungua kidogo tu, aliyetangulia kupiga kelele kule Barazani mpaka Nyati akaziba masikio alikuwa Diwani Kiboko: "Maji! Maji ya Mwambani!"

Na Mwambani, mtoto akiulizwa na mgeni yeye ni nani, alinyoosha shingo akajibu kwa sauti, "Mimi ni pimbi!" hata kama alikuwa kifaranga wa kanga.

Shikeni hilo, wanangu: anayewasemea na anywe mnachokunywa.