Tundu la Ngozi ya Nyange

Paukwa!

Pakawa!

Aa, itikieni kama watu walioshiba. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Ngano hii siipendi, nina haya nayo. Miaka yote nimewasimulia ya sungura na fisi ili niikwepe. Lakini leo mjukuu wangu Zawena kanijia, kacheka mpaka jino la mwisho, kaniambia, "Babu, nafikiria kusomea udaktari wa mifugo." Basi nimekosa pa kujificha. Zawena, kaa hapa mbele. Nanyi wengine sogeeni.

Hapo zamani za kale, wala si kale sana, palikuwa na kijiji cha ng'ombe na mbuzi. Katika kijiji hicho palikuwa na mganga wa mifugo, jina lake Mzee Shekue. Mfupi, masikio makubwa, maneno machache. Hakuwa na hirizi wala tunguri. Alikuwa na mikono yake, masikio yake, na kisu kimoja chembamba.

Mbuzi akishindwa kuzaa, huitwa Shekue. Anapaka mkono mafuta, anauingiza, anamgeuza mtoto, pole pole, pole pole, chwap! Kitoto hicho chini, kinapiga chafya. Mwenye mbuzi akianza kumwaga sifa, mzee keshafika kwake.

Akiitwa kwa ng'ombe aliyevimba tumbo kwa upepo, alikuwa na desturi yake. Hasimami mbele. Anazunguka, anasimama mkiani. Anagonga ubavu kwa vidole, du, du, du. Anasikiliza. Anagonga tena, du, du, du. Anasikiliza. Ndipo anachoma, ubavu wa kushoto, pale penye bonde kati ya mbavu na nyonga. Fssss! Upepo unatoka. Ng'ombe anajinyanyua, anatafuta majani.

Sasa, palikuwa pia na mpiga ngoma, mtu mzima mwenye mke, jina lake Hoza. Fundi kweli kweli. Aliipenda ngoma, lakini zaidi aliyapenda macho ya watu. Siku moja harusini alipita penye beberu aliyefungwa, akamgonga tumbo kwa mchezo tu, akasema, "Huyu ana upepo. Analia kama ngoma iliyokazwa mno." Ikawa kweli. Watu wakamshangilia. Na Mzee Shekue akamtazama sana.

Hoza akaonja utamu. Akaenda kwa mzee.

"Mzee, nafikiria kuiacha ngoma nishike kazi yako."

"Siku utakapomuua mnyama wa mtu, utafanya nini?"

"Mimi? Siui, Mzee!"

"Kapige ngoma."

Mvua zikaja, zikaisha. Hoza akarudi.

"Siku utakapomuua mnyama wa mtu, utafanya nini?"

"Nitamwambia mwenyewe, ni kazi ya Mungu."

"Kapige ngoma."

Mvua zikaja, zikaisha. Hoza akarudi mara ya tatu, amenywea kidogo.

"Siku utakapomuua mnyama wa mtu, utafanya nini?"

"Nitasema, nimemuua mimi."

Mzee akasogea, akampisha kwenye mkeka. "Kaa."

Akamfundisha. Kila siku neno lilikuwa lile lile. "Simama mkiani, Hoza. Hapo kushoto kwako ni kushoto kwake. Ukisimama kichwani mnatazamana, kushoto kwako ni kulia kwake. Na usichome kabla hujasikiliza."

"Nimesikia, Mzee."

Kusikia alisikia.

Basi kulikuwa na mjane mmoja, Bi Namkunda, mwenye ng'ombe mmoja tu, mweupe, anaitwa Nyange. Kwa maziwa ya Nyange Bi Namkunda alikula, alivaa, na alimtunza mama yake kipofu. Asubuhi moja, umande haujakauka, Nyange akakata kamba, akaingia kwenye kunde changa. Akala, akala, akala. Tumbo likaja juu, pande zote mbili.

"Hoza! Njoo, Nyange anakufa!"

Mzee Shekue siku hiyo alikuwa ng'ambo ya mto. Hoza akakichukua kisu, akaenda mbio. Akakuta kijiji kizima kimejaa, wote wamejipanga upande wa kichwa cha ng'ombe. Akisimama mkiani, atasimama peke yake na sura yake haitaonekana vizuri, itafichwa na lile tumbo.

Basi akasimama kichwani.

Hakugonga. Hakusikiliza. Akakumbuka neno moja, kushoto. Akapita upande wa mkono wake wa kushoto, akanyanyua kisu juu watu wakione, akachoma.

Hapakuwa na fssss. Ilitoka damu. Nyange akapiga kwato mara mbili, gu, gu. Kimya.

Hoza alijua pale pale. Lakini mdomo ulimtangulia. "Mmechelewa kuniita," akasema.

Bi Namkunda akajishika kichwa. "Ni mimi! Nilimfunga kamba mbovu!" Na watu, mnawajua watu, wakaanza. Mzembe huyu mama. Ng'ombe mmoja tu kamshinda. Hoza alisikia yote. Akatazama chini, akafuta kisu.

Kijiji hicho kilikuwa na desturi. Mganga aliyemchoma mnyama akafa, ndiye anayeiwamba ngozi yake, uani kwake, kila mtu aione. Hoza akaiwamba ngozi ya Nyange. Mzee Shekue aliporudi akaja kuitazama. Akaizunguka, akasimama mkiani. Akaingiza kidole kwenye tundu.

"Hoza, huu ubavu gani?"

"Wa kushoto, Mzee."

Mzee akatoa kidole chake. "Haya," akasema, akaenda zake.

Ee bwana! Afadhali angempiga. Haya ikamwingia Hoza kama funza kwenye kidole. Akila, haya. Akilala, haya. Mkewe akimwuliza una nini, haya. Akishika ngoma akagonga, du, du, du, mikono inakufa, kwa sababu ile ndiyo sauti ambayo siku ile hakutaka kuisikiliza.

Siku ya tisa Bi Namkunda akaja uani, majirani wapo. Amebeba bakuli kwa mikono miwili.

"Mwanangu Hoza, haya ni maziwa ya mwisho ya Nyange, yameganda vizuri. Sina kingine cha kukushukuru. Wewe ulijaribu. Aliyeharibu ni mimi."

Hoza akalipokea bakuli. Akalisogeza mdomoni, akalishusha.

"Bi Namkunda, siwezi kunywa. Nyange nimemuua mimi. Nilichoma ubavu wa kulia. Nilisimama mbele ili watu wanione."

Bi Namkunda akanyoosha mkono, akachukua bakuli lake. Akanywa mwenyewe, taratibu, mpaka tone la mwisho. Akafuta mdomo.

"Siku tisa," akasema, "namwomba mama yangu msamaha kwa kosa lako."

Akaondoka. Hakumsamehe siku ile, wala mwaka ule. Hoza akauza ngoma zake zote, akanunua mtamba mmoja, ng'ombe jike ambaye hajazaa, akamfikisha kwa Bi Namkunda. Mjane akaipokea kamba, Hoza mwenyewe hakumpa hata kiti.

Hoza akaenda kwa Mzee Shekue. "Mzee, kisu chako hiki. Mimi si mtu wa kazi hii."

"Nilikuuliza swali, ukanijibu. Jibu lako limechelewa siku tisa, lakini limefika."

"Mzee, ulijua tangu ulipotia kidole. Mbona hukusema?"

"Ningesema mimi, ungejifunza kuniogopa mimi. Nikifa, je?"

Kisha akasogea kwenye mkeka. "Kaa."

Mzee Shekue keshakufa zamani. Bi Namkunda naye. Zawena, unaiona ngozi hii niliyoikalia? Ilikuwa nyeupe. Lete mkono. Ingiza kidole hapa.

Ndiyo. Hoza ni mimi.

Mnaniita Babu Mganga, mnaniletea mbuzi wenu, na mnanicheka ninavyozunguka kwenda mkiani hata kwa kuku. Sasa mmejua. Ng'ombe niliowaponya siwakumbuki. Huyu namkumbuka, na haya yake ninayo hadi leo.

Mficha uchi hazai, wajukuu zangu. Kasome, Zawena. Ubavu wa kushoto utaukuta vitabuni. Mimi nina swali la Mzee Shekue tu: siku utakapomuua mnyama wa mtu, utafanya nini?

Usinijibu leo. Toa kidole, mama. Ngano yangu mwisho wake ni tundu hilo.